Sura ya 6: Kiatu cha Kuvuliwa

Ardhi ya Mombasa bara haina tabia moja, na ukwato wa farasi hulitambua hilo kabla ya aliyempanda. Kuanzia Shanzu kushuka Bamburi hadi Kisauni, chini ni mwamba wa matumbawe ya kale, uleule uliolisha kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu 1954. Vichochoro vikikatwa ndani ya mwamba huo hubaki na ncha zinazochana soli ya ndala. Changamwe na Jomvu ni udongo wa mfinyanzi: masika unanata, kiangazi unapasuka, na mwaka mzima umechanganyika na vyuma vilivyodondoka kwenye malori ya makontena, nati, skrubu na vipande vya waya. Likoni, ukiacha barabara ya Ukunda ukaelekea Shelly Beach, mchanga unakupokea mapema. Halafu kuna lami, ambayo ni ileile kila mahali, isipokuwa adhuhuri ya Februari inapochoma.

Farasi wa peku, yaani asiyepigwa chuma, hutembea raha mustarehe katika baadhi ya ardhi hizo na kwa taabu katika nyingine. Juu ya mchanga mlowevu, maji yakiwa yamekupwa, hahitaji kitu chochote. Shida ni njia ya kumfikisha huko: kokoto, matumbawe yaliyochongoka, lami, kisha kokoto tena. Hapo ndipo buti la ukwato linapoingia, kiatu cha kuvaliwa kwa safari na kuvuliwa safari ikiisha. Naomba msomaji aujue mapema msimamo wangu, asije akadhani nauza viatu. Buti zuri ni lile linalokaa mguuni muda mfupi. Anayelinunua ili apate kuzisahau kwato amenunua ugonjwa kwa pesa zake mwenyewe.

Kwenda peku si jambo geni Mombasa. Ibn Battuta, aliyepita hapa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa mji huu walitembea bila viatu, na kwamba milangoni mwa misikiti kulikuwa na visima vya kunawia miguu na mkeka wa kujipangusia. Mgeni ni farasi. Mbung'o na maradhi yake, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vilimfanya mnyama huyu awe hasara kwa yeyote aliyetaka kumtumia kati ya pwani na bara. Mizigo ikabebwa na wapagazi mabegani. Hata baada ya Waingereza kuingia, wakubwa wa kisiwani walipelekwa huku na huko kwa vigari vya reli nyembamba vilivyosukumwa na watu kwa mikono, kwa kuwa mnyama wa kuvuta hakutegemewa kuishi. Ufundi wa kwato haukupata wa kuurithi. Mnyama aliyedumu kazini ni punda, na punda wa mwambao huu, toka Lamu hadi Likoni, kwa kawaida havalishwi chuma.

Kwingineko kiatu cha kuvuliwa kina umri mrefu. Warumi walikuwa na sahani ya chuma iliyofungwa ukwatoni kwa kamba za ngozi, bila msumari hata mmoja. Wajapani hadi karne ya 19 waliwafunga farasi ndara za majani ya mpunga. Zikichakaa zilitupwa njiani, mpya zikatolewa mzigoni. Buti la kisasa, la plastiki ngumu na mpira, lilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1970, na mwanzoni lilikuwa kama tairi la spea: chuma kiking'oka porini, mvalishe mnyama buti mfike nyumbani. Baadaye watu wakajiuliza kwa nini spea isiwe ndiyo kiatu chenyewe. Mwaka 2012 farasi mshindi wa Tevis Cup, mashindano ya maili 100 kwa siku moja milimani California, alikuwa amevaa mabuti. Yale lakini yalibandikwa kwa gundi, na gundi si habari yetu hapa. Kwa joto na unyevu wa Mombasa sitamshauri mtu afunike ukwato siku kadhaa mfululizo.

Kwa nini basi tusipige chuma, yaishe? Chuma kina sifa zake, na farasi anayekanyaga lami kila siku akiwa na uzito mgongoni huenda akakihitaji. Lakini chuma kinataka fundi wa kurudi kila baada ya wiki sita au nane, naye ukimkosa kwa wakati, ukwato hurefuka juu ya chuma kisichorefuka. Chuma kinataka misumari, na misumari inataka ukuta mkavu wenye kushika. Masika ya pwani huulainisha ukuta, na tundu la msumari likawa mlango wa uozo. Maji ya bahari nayo hula chuma bila huruma. Kubwa kuliko yote, ukwato si kipande cha ubao. Mguu ukitua, nyuma ya ukwato hutanuka kidogo, ukiinuka hujikunja, na damu husukumwa katika mwendo huo. Chuma kigumu kilichopigiliwa pande mbili hupunguza mchezo huo. Buti lililokaa sawa huuacha uendelee.

Sehemu za ukwato tuzitaje kwa ufupi, maana tutazirudia. Ule ukingo mgumu unaouona mnyama akiwa amesimama ni ukuta. Ukiinua mguu, chini kuna wayo, ambao haupaswi kubeba uzito wote peke yake. Katikati ya wayo kuna pembetatu ya nyama ngumu inayobonyea kidogo ukiifinya, ncha yake ikielekea mbele. Nyuma kabisa kuna visigino viwili, na juu yake nyama laini iliyotuna. Ukuta hushuka kutoka kwenye mpaka wa nywele kwa wastani wa milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo kile kinachogusa ardhi leo kilianza kuota karibu mwaka mzima uliopita. Aliyeng'oa chuma juzi asishangae farasi akichechemea leo. Mguu mpya uko njiani unakuja, na kwa miezi hiyo ya kungoja buti lina kazi ya haki kabisa.

Kabla ya kupima, chonga. Ukwato uliorefuka ukaachana pembeni hauna kipimo, una uongo. Fundi apunguze, apige tupa ukingo hadi ukuta uwe umenyooka kutoka kwenye nywele hadi chini, na visigino viwe sawa. Ndipo upime, ndani ya siku chache. Mwenye farasi anayeagiza mabuti kwa kipimo cha wiki ya saba baada ya kuchongwa atapokea mabuti makubwa, atayafunga kwa nguvu, yatazunguka, kisha ataandika kwamba mabuti hayafai.

Namna ya kupima ni hii. Msimamishe farasi kwenye sakafu ya saruji, si mchangani. Saisi amshike kichwa, mwingine amwinue mguu wa upande wa pili ili ule unaopimwa ubebe uzito na kutanuka unavyotanuka njiani. Chukua kipande cha katoni ngumu, kiweke chini ya ukwato, chora ukingo kwa penseli iliyosimama wima. Kisha inua mguu uleule upime kwa rula ya chuma, kwa milimita. Sentimita ni kipimo cha kununulia kitambaa. Upana ni pale ukwato unapotanuka zaidi, ukingo hadi ukingo. Urefu ni kutoka ncha ya mbele hadi mstari ambapo visigino vinaacha kugusa ardhi. Watu wengi huteleza hapa: huvuta futi hadi mwisho wa ile nyama laini iliyotuna nyuma, na tayari wameongeza sentimita nzima au zaidi ambayo haimo. Nyama ile haikanyagi. Pima miguu yote minne. Kwato za mbele huwa za mviringo zaidi, za nyuma huwa nyembamba na ndefu kidogo, na wa kulia na wa kushoto si pacha hata wakifanana kwa macho.

Sasa una namba mbili kwa kila mguu, na uhusiano wa namba hizo ni muhimu kuliko namba zenyewe. Tuseme mguu wa mbele ni upana 128, urefu 130. Huo ni mviringo, na kuna mabuti yaliyoundwa kwa mviringo. Tuseme wa nyuma ni upana 118, urefu 131. Ukiuvalisha buti la mviringo lenye urefu wa kutosha, pembeni kutakuwa na nafasi ya kidole, na buti litaanza kuzunguka mguuni kabla hamjafika njia panda. Kila chapa, iwe Easyboot, Cavallo au Scoot Boot, ina jedwali lake, na umbo la ndani si moja. Kuhama kutoka chapa moja hadi nyingine kwa kufuata namba ya saizi, bila kurudi kwenye milimita, ni kubahatisha. Namba zikiangukia kati ya saizi mbili, mimi huelekea kwenye ile inayobana zaidi, ilimradi fundi aweze kupunguza milimita moja au mbili za ukuta kwa tupa bila kuumiza. Kubwa halipunguziki.

Hii si bidhaa ya kuikuta soko la Kongowea. Pale mitumba ina viatu vya kila saizi, ila vya miguu miwili. Utaagiza, utangoja, utalipa ushuru, na kurudisha kilichokosea ni gharama nyingine. Kwa hiyo, pamoja na namba, piga picha tatu za kila ukwato: ya wayo mguu ukiwa juu na rula imelazwa, ya ubavuni kamera ikiwa chini kabisa usawa wa sakafu, na ya mbele. Muuzaji makini ataziomba mwenyewe. Asiyeziomba na akakuhakikishia saizi kwa kuambiwa tu kimo cha farasi, mwogope. Na kama mfuko hauruhusu mabuti manne, nunua mawili ya mbele. Farasi aliyesimama hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, na maumivu ya kokoto huanzia huko mara nyingi.

Buti likifika, usikimbilie tandiko. Safisha ukwato, kausha, livalishe. Lililo sawa huingia kwa kusukumwa na kiganja, pengine kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira mbele, kisha linatulia. Likiingia kama unavyoingiza mguu kwenye ndala, ni kubwa. Tazama mbele kwa chini: pasiwe na mwanya kati ya ncha ya ukwato na buti. Shika buti kwa mikono miwili, jaribu kulizungusha kushoto na kulia. Ukwato na buti viende pamoja. Kaza kamba au mkanda, lakini ujue kwamba mkanda hauponyi saizi mbovu. Kazi yake ni kulinda lililokwisha kukaa. Halafu mwongoze kwa miguu duara la kulia na duara la kushoto, kwa sababu kukata kona ndiko kunakofichua buti linalopinda. Baadaye telki, kwenye ardhi tambarare. Shoti ije siku nyingine. Mara ya kwanza nusu saa inatosha. Vua, pitisha vidole juu ya mpaka wa nywele na nyuma ya kisigino, sehemu ambazo mkono huona kuliko jicho. Nywele zilizolala upande usio wao, joto la pekee, au farasi kuvuta mguu ukimgusa: hapo pameanza kuchubuka. Rekebisha kabla hapajawa kidonda, kwa maana kidonda cha hapo, kwa inzi wetu, hakiponi haraka.

Farasi wengine siku ya kwanza huinua miguu juu kupita kiasi, wakitembea kama wanakwepa madimbwi. Waache. Baada ya hatua chache wengi husahau. Asiyesahau, anayezidi kusita, anakuambia jambo, nawe mvue.

Baada ya saizi, adui mkubwa wa buti pwani ni mchanga. Mchanga mkavu wa juu ya ufuo humiminika kupitia nafasi ya kisigino, unajaa chini ya wayo, na kila hatua unasaga ngozi. Ukiingia na maji ya bahari unakuwa mzito, buti linaning'inia, linavutwa. Nashangaa kila ninapoona picha za matangazo, farasi na mabuti yake akikata mawimbi. Mabuti yenye matundu ya kutolea maji yanasaidia, lakini jibu la kweli ni kushuka, kuyavua mwisho wa njia ya kokoto, kuyafunga kwenye tandiko, na kumwacha mnyama akanyage mchanga kwa kwato zake. Mchanga mlowevu ni tupa ya bure: unalainisha ukingo wa ukuta sawasawa. Wakati wa kurudi, suuza miguu kwa maji baridi, pangusa, vaa. Velkro iliyojaa mchanga haishiki. Isugue kwa mswaki mkuukuu. Nyumbani yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi, hasa yenye waya au skrubu, na uyaanike kivulini.

Kuteleza nako kuna mahali pake. Soli ya plastiki ngumu hushika vizuri kwenye lami kavu na matumbawe, lakini si kwenye majani mabichi yaliyonyeshewa wala kwenye chuma chenye maji. Mwenye kufikiria kumvusha farasi kwa feri ya Likoni akiwa na mabuti afikirie ile sahani ya chuma ya kupandia, asubuhi, ikiwa imelowa maji ya bahari. Hapo peku ni salama zaidi, na salama kuliko hiyo ni lori na njia ya Dongo Kundu.

Nimesema ugonjwa, basi niueleze. Buti hufunika, kinachofunikwa hutoa jasho, na kwa joto la nyuzi 30 na kitu jasho hilo ni uji wa kulishia vimelea. Ile pembetatu ya chini huanza kutoa utando mweusi wenye harufu ambayo ukishainusa mara moja hutaiuliza tena. Hiyo ni dalili ya uozo, na wenye farasi wa peku huupata hata bila buti masika zizi likiwa tope. Buti huuharakisha. Dawa ya kwanza ni ukavu: sakafu yenye mteremko, matandazo yanayobadilishwa, kwato zinazochokonolewa kila siku asubuhi na jioni. Wale wanaoweka sponji ndani ya buti kumpunguzia mnyama mwenye wayo mwembamba wakumbuke kuwa sponji hunywa maji. Iwe ya kutolewa na kukaushwa kila safari. Harufu isipoisha kwa usafi, au mnyama akianza kuchechemea, mwite daktari wa mifugo, si jirani.

Nigeukie punda kidogo, kwa kuwa mtaani ndiye mwenye haki ya kuulizwa kwanza. Ukwato wake si ukwato wa farasi uliopunguzwa. Umesimama wima zaidi, ni mwembamba ubavuni, na ulitengenezwa na nyika kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika alikotoka babu yake. Kwenye tope la Jomvu mwezi wa Mei hunywa maji na kulainika upesi. Buti la farasi, hata dogo, humzunguka. Yapo yaliyoundwa kwa umbo lake, bei yake lakini ni ndoto kwa mwenye mkokoteni wa kuuza maji. Watu huuliza: fundi wa akala si atakata tairi tu? Atakata, na kwa ustadi. Tatizo ni kwamba matairi mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani, zikitokeza zinachoma, na kamba za kuyashikilia zinakata ngozi juu ya ukwato. Akala ya punda naikubali kwa jambo moja: aliyekanyaga msumari Changamwe na anahitaji kufika kwa daktari. Msumari wenyewe, daktari akiwa karibu, hupendelea aukute mahali pake aone ulikoelekea. Kama mnyama analazimika kutembea na kila hatua inauzamisha, utoe, ukariri tundu liko wapi. Funika ukwato kwa pampasi ya mtoto, zungushia gamtepu pana tabaka kadhaa, kisha akala chini yake, mwendo wa pole. Kumfunga mkokoteni akiwa hivyo ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhusu mwenye kufanya hivyo.

Kwa punda wote wengine, pesa ya buti iende kwenye tupa. Mtu mmoja mtaani aliyefundishwa kuishika vizuri, anayezunguka mabanda yote kila baada ya wiki sita, ana faida kuliko sanduku la viatu.

Turudi kwa farasi na tumalizie na daftari. Andika vile vipimo vinane, tarehe, na jina la buti. Pima tena baada ya miezi sita ya kwenda peku, kwa sababu ukwato ulioachiwa kufanya kazi hubadilika: visigino hutanuka, pembetatu hunenepa, wayo huwa mnene. Buti lililokaa barabara Januari laweza kugoma kuingia Julai bila mtu kukosea popote. Usilitupe wala usilivishe kwa nguvu. Lioshe, liandikie saizi kwa wino usiofutika, uwaulize wenye farasi wengine wa Nyali na Shanzu: huenda yupo ambaye mnyama wake ana upana wa 128, na yeye analo ambalo sasa linakufaa wewe.